Je, Wajua? Wakulima wa mawe wa Engaruka

Chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, wilayani Monduli, yapo mashamba yaliyohamwa karne ya 18: takriban hekta 2,000 za mifereji na majaruba ya mawe, yasiyo na tone la saruji. Wenyewe, waliokaa hapo tangu karne ya 15 hivi, walivuta maji ya vijito vya nyanda za juu wakalima mtama penye mvua haba. Nyumba walizijenga mteremkoni. Tambarare ilikuwa ya mazao. Ng'ombe nao walilishwa zizini na samadi ikapelekwa shambani, ufugaji uleule ambao mabwana shamba wanatuhubiria leo! Louis Leakey, aliyechimba hapo mwaka 1935, alikisia wakazi zaidi ya 30,000. Watafiti waliomfuata wamepunguza sana hesabu hiyo.