Je, Wajua? Jiwe Moja, Hati Sita

Kwenye mapango ya Mogao, karibu na mji wa Dunhuang huko China, mwaka 1348 lilisimamishwa jiwe lenye maneno yale yale yaliyochongwa mara sita, kila mara kwa hati nyingine. Katikati ameketi Avalokiteshvara, ambaye Wabudha humkimbilia kwa huruma yake, mwenye mikono minne. Kandokando yake ni mantra yake, yaani maneno yake matakatifu: Om mani padme hum. Imeandikwa kwa hati ya Lantsa, ya Kitibeti, ya Kiuighuri, ya Phags-pa, ya Kitangut na ya Kichina. Mfadhili mkuu alikuwa mwanamfalme aitwaye Sulaiman. Naam, Sulaiman.

Hati sita, lakini lugha ni moja: Kisanskriti. Mchongaji hakutafsiri kitu, aliandika sauti tu. Sisi ambao Kiswahili chetu kimevaa hati za Kiarabu na kisha za Kirumi hatuna haja ya kuelezwa zaidi. Mani ni kito, padma ni yungiyungi. Om na hum hazina maana ya kamusi, na wanasarufi wangali wanabishana jinsi mani na padme zinavyoungana. Muumini hababaiki. Kwake baraka imo katika kutamka, kama mtoto wa chuoni anavyohifadhi sura nzima kabla hajajua Kiarabu.

Cha ajabu, hata sauti hiyo imeteleza. Mtibeti huandika padme akatamka peme. Mchina huanza na an badala ya om, Mjapani na on.

Hati nazo zina misiba yake. Phags-pa ilitungwa na lama wa Kitibeti kwa amri ya Kublai Khan, mfalme wa Wamongolia aliyetawala China, ili lugha zote za dola yake ziandikwe kwa hati moja. Ilitangazwa mwaka 1269. Dola ilipoanguka mwaka 1368, ikaachwa karibu kila mahali.

Ya Kitangut ndiyo inayonigusa. Ni hati ngumu yenye alama karibu 6,000, iliyotangazwa mwaka 1036. Wamongolia waliivunja dola ya Watangut mwaka 1227, lakini miaka 121 baadaye hati yao ingali ikichongwa Mogao. Maandishi ya mwisho ya Kitangut yenye tarehe yanayojulikana yako kwenye nguzo mbili za mawe huko Baoding, ya mwaka 1502. Si sheria wala barua: ni dharani, maneno matakatifu ya Kisanskriti.