"Ni hapo karibu tu": kwa nini kichwa chako hakijali urefu wa safari ya bodaboda

Desemba nilipokwenda nyumbani Masakta, wilayani Hanang, basi liliniacha njiani na vijana wa bodaboda wakanizunguka kama kawaida. Nikamchagua mmoja niliyesoma naye shule ya msingi. Helmeti alikuwa nayo, tena mpya, ila ameivalisha kwenye kiwiko. Nikamuuliza, "Sasa kiwiko ndicho kinachofikiri?" Akacheka. "Dada, ni hapo karibu tu. Na mimi sikimbizi."

Sentensi hizo mbili nilishazisikia kwa mjomba wangu. Miaka miwili iliyopita alikuwa anarudi kutoka mnadani, mbuzi akakatiza, akaanguka. Pikipiki ilikuwa inatembea taratibu kabisa. Aliinuka mwenyewe, akajikung'uta vumbi, akapanda akaja nyumbani. Alikunywa chai na kutusimulia huku anacheka. Saa mbili usiku kichwa kikaanza kumuuma, akatapika, kisha akasinzia. Tukasema amechoka, aachwe alale. Asubuhi hakuamka.

Mimi nasoma fizikia, si udaktari. Lakini tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza swali la kifizikia: mtu asiyekimbiza anaumiaje hivyo?

Kichwa kinaanguka kutoka juu

Hebu tuanze na pikipiki iliyosimama kabisa. Ukiwa umekaa juu yake, kichwa chako kiko karibu mita 1.5 kutoka ardhini. Ukibinuka kama gogo, kichwa kinashuka hiyo mita 1.5 kwa nguvu ya uvutano. Kanuni ya sekondari inatosha hapa: kasi ya kugonga ardhi ni kipeuo cha pili cha 2 × 9.8 × 1.5. Jibu ni karibu mita 5.4 kwa sekunde, yaani takriban kilomita 20 kwa saa.

Tafakari kidogo. Pikipiki haijatembea hata hatua moja, lakini kichwa kinafika chini kwa kilomita 20 kwa saa. Ni kama kukimbia mbio zako zote na kugonga ukuta kwa paji la uso. Mwendo mdogo wa pikipiki haupunguzi kitu hapo, na umbali wa safari haumo kabisa kwenye hesabu hiyo.

Sasa ongeza mwendo. Ukianguka na kuserereka peke yako kwenye njia tupu, sehemu kubwa ya mwendo wa mbele inaishia kwenye msuguano, unachubuka. Shida ni pale unapokutana na kitu kisichosogea: jiwe, mti, ukingo wa karavati, gari linalokuja. Kugonga kitu hicho kwa kilomita 40 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka mita 6 hivi. Kwa kilomita 60 ni mita 14. Kwa kilomita 80 ni mita 25, jengo la ghorofa nane. Umeona mwendo umeongezeka mara mbili tu, kutoka 40 hadi 80, lakini urefu umeongezeka mara nne. Nishati ya mwendo hukua kwa mraba wa kasi.

Helmeti inafanya nini hasa?

Wengi wetu tunadhani kazi ya helmeti ni ule ugumu wa nje. Ugumu unasaidia kusambaza pigo na kuzuia kitu chenye ncha, lakini kazi kubwa inafanywa na lile povu gumu la ndani, linalofanana na boksi la kuhifadhia samaki.

Kichwa kikigonga lami kikiwa wazi, kinasimama ndani ya milimita chache. Tukadirie 3. Kwa lile anguko letu la mita 1.5, kichwa kinapata mchapuko wa karibu mara 500 ya uvutano wa dunia. Povu likibonyea milimita 25, kichwa kile kile kinasimama kwa mchapuko wa karibu mara 60. Nishati ni ile ile, ila imepewa nafasi ya kuishia. Ni tofauti ya yai lililoangukia sakafuni na yai lililoangukia godoro.

Wa kwanza kulifuatilia jambo hili kwa takwimu alikuwa daktari wa upasuaji wa ubongo, Hugh Cairns. Mwaka 1935 alikuwa miongoni mwa madaktari waliomhudumia T. E. Lawrence, mwanajeshi na mwandishi maarufu wa Uingereza, aliyeanguka na pikipiki akiwakwepa vijana wawili wa baiskeli. Hakuwa na helmeti. Alikufa baada ya siku sita. Cairns akaanza kukusanya taarifa za waendesha pikipiki wa jeshi, na mwaka 1941 akachapisha matokeo yake. Mwaka huo huo jeshi la Uingereza likawalazimisha waendesha pikipiki wake kuvaa helmeti. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyotolewa na mtandao wa Cochrane mwaka 2008 yalikadiria kuwa helmeti hupunguza hatari ya kifo kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69 kwa wanaopata ajali.

Lakini povu hilo halifanyi kazi likiwa kiwikoni. Kwa hiyo:

- Funga mkanda. Helmeti isiyofungwa huruka kabla kichwa hakijafika chini. Kati ya mkanda na kidevu vipite vidole viwili tu.
- Itikise. Ukiigeuza kushoto na kulia, ngozi ya paji la uso ifuate. Ikizunguka yenyewe, ni kubwa.
- Ikishapata ajali, iache. Povu likibonyea halirudi, hata kama nje inang'aa.
- Kofia ya fundi ujenzi si helmeti ya pikipiki. Imetengenezwa kwa ajili ya kitu kinachoanguka kutoka juu, haina povu la kutosha pembeni.
- Unaogopa fangasi na chawa wa helmeti ya abiria? Hofu yako ni halali. Tembea na kitambaa chepesi cha kufunga kichwani kabla ya kuivaa.

Changarawe, breki na mishikaki

Njia zetu za ndani zinajulikana: kiangazi changarawe na vumbi, masika matope na makorongo, na mwaka mzima mifugo inakatiza. Tairi linashika kidogo kuliko kwenye lami. Tufanye hesabu. Kwa kilomita 40 kwa saa, sekunde moja ya kushtuka tu inakula mita 11. Baada ya hapo breki zinahitaji karibu mita 9 kwenye lami kavu, lakini mita 16 kwenye changarawe. Kwa kilomita 80, kushtuka kunakula mita 22, kisha breki mita 36 kwenye lami na mita 63 kwenye changarawe. Mbuzi hakusubiri mita 63.

Madereva wengi wanaogopa breki ya mbele, wanakanyaga ya nyuma tu. Kwenye lami kavu hilo ni kosa, kwa sababu ukifunga breki uzito unahamia mbele, na breki ya mbele ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi. Kwenye changarawe tumia zote mbili kwa upole, na punguza mwendo kabla ya kuingia kona, siyo ukiwa ndani yake.

Halafu mishikaki. Pikipiki nyingi za 150 cc zina uzito wa kilo 110 hadi 130. Watu watatu wa kilo 60 ni kilo 180, yaani mzigo umeizidi pikipiki yenyewe. Uzito ukilalia nyuma, tairi la mbele linakuwa jepesi na usukani unalegea. Na wewe abiria, kusanya kanga au shuka lako kabla ya kuondoka. Likinaswa na mnyororo, litakuvuta wewe pamoja na dereva.

Akiinuka na kucheka, usimwache

Hapa ndipo ninapomkumbuka mjomba. Pigo la kichwa linaweza kuchana mshipa, damu ikavuja taratibu kati ya fuvu na utando wa ubongo. Mwanzoni mtu anaweza kuonekana mzima kabisa, akaongea, akala. Fuvu halitanuki, hivyo damu ikijaa inaukandamiza ubongo, na saa chache baadaye hali inabadilika ghafla. Wakati ule wa uzima ndio muda mzuri zaidi wa kumwokoa.

Aliyegonga kichwa asilale bila mtu wa kumwangalia. Maumivu ya kichwa yanayozidi, kutapika tena na tena, usingizi usio wa kawaida, kuchanganyikiwa, degedege, mboni moja ya jicho kuwa kubwa kuliko nyingine, au maji na damu kutoka puani au sikioni: yoyote kati ya hayo ni safari ya hospitali usiku huo huo. Kutoka kwetu hadi KCMC Moshi ni takriban kilomita 300, kwa hiyo kila saa mnayosubiri nyumbani ni saa inayotolewa kwenye safari hiyo. Majeruhi asiyejitambua msimpakate katikati ya watu wawili kwenye pikipiki. Tafuteni gari, hata la magunia, mlazeni kwenye ubao, shingo inyooke.

Shirika la Afya Duniani linakadiria watu milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka, na karibu mmoja kati ya watano yuko kwenye pikipiki au bajaji. Mjomba hakuwa anakimbiza. Alikuwa amekaribia kufika nyumbani.

Yule kijana? Nilimwambia sipandi mpaka helmeti itoke kiwikoni. Akaivaa, nikamfunga mkanda mwenyewe kama mtoto wa chekechea, wenzake kijiweni wakatucheka sana. Yangu niliitoa kwenye begi. Siku hizi sisafiri bila hiyo, hata kama ni hapo karibu tu.