Mbunge wa Kariakoo ni wa Nani?

Kata ya Kariakoo imo katika Jimbo la Ilala. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959, kila mpiga kura wa Tanganyika alitakiwa kuchagua wawakilishi watatu: Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Mwaka 1965, chini ya chama kimoja, wagombea walitambulishwa kwa alama za jembe na nyumba. Katika uchaguzi wa vyama vingi wa 1995 Ilala ilimchagua Iddi Simba. Mwaka 2005, Mussa Azzan Zungu.

Hata hivyo, mwamini anayefungua duka Kariakoo na kuandikishwa Mbagala hana kura ya kumchagua mbunge wa Ilala. Basi, wapendwa, kila mmoja ahakiki jina lake daftarini mapema, alifahamu jimbo lake na amjue mwakilishi wake.