Pamba ya Shinyanga na Dawa Inayoing'arisha



Baadhi yenu mmetuuliza kwa nini uzi mmoja wa pamba hung'ara kama hariri na mwingine umefifia. Khabari yenyewe inaanzia mbali na mikarafuu yetu, huko Shinyanga na Geita, ambako pamba ndiyo fedha ya mkulima. (Geita mtu akitaja dawa, wengi hudhani ni zebaki ya wachimba dhahabu. Hii siyo.)

Mkipata pamba iliyotoka shambani, tieni donge lake katika bakuli la maji: litaelea. Kisha tieni pamba ya kusafishia vidonda: itazama mara moja. Ya kwanza imevikwa nta nyembamba, na maji hayapenyi. Kiwandani nta hiyo hutolewa kwa kuchemsha pamba katika kostiki soda, ile ile ya wapika sabuni. Nguo isiyotolewa nta haishiki rangi sawasawa.

Kung'aa ni jambo jingine. Mwaka 1844 Mwingereza John Mercer, mpiga chapa vitambaa wa Lancashire, aliona kwamba kostiki kali iliyo baridi huuvimbisha unyuzi. Unyuzi wa pamba ni bapa, umejisokota kama utepe. Ukivimba huwa mviringo, huzidi nguvu na hunywa rangi zaidi. Alipata hati ya uvumbuzi mwaka 1850. Lakini nguo ilinywea, na wenye viwanda hawakuipenda. Mwaka 1890 Horace Lowe akaonyesha kwamba nguo ikivutwa imara ingali ndani ya dawa hainywei, na mng'aro ndipo huja.

Sasa linalotuhusu. Mkulima wa Shinyanga huuza pamba na mbegu zake, hupelekwa kinuni kuchambuliwa, na sehemu kubwa ya nyuzi husafirishwa ng'ambo kabla haijaonja kostiki. Ujira wa kuchemsha, kuvuta na kutia rangi hulipwa huko, kisha nguo hurudi kwa bei ya mwenye kiwanda. Sisi angalau makonyo yetu hutolewa mafuta pale Wawi, Pemba. Karafuu zenyewe bado huondoka kavu, magunia kwa magunia. Kwa rai yetu, wenzetu wa bara na sisi tumo chombo kimoja.

Hadhari kwa watakaojaribu nyumbani: tieni kostiki ndani ya maji kidogo kidogo, kamwe msimimine maji juu ya kostiki, kwani huchemka na kuruka machoni. Watoto wakae mbali.

Katibu