Jioni ya Bamvua: Yasome Maji Kabla Hujapanda Wimbi

Bumu likitoka, ramani ya Dar kwa mwanachuo inakuwa fupi: hosteli, daladala, Coco. Wengine wanasogea mbele zaidi, wanapanda kivuko pale Magogoni au wanapita Daraja la Nyerere, wanaishia Mjimwema na fukwe nyingine za Kigamboni. Tunahakikisha simu zina chaji, spika ipo, hela ya mihogo ipo. Mwezi hatuuangalii. Lakini mwezi ndio umeshapanga, kabla hujafunga mlango wa chumba, maji yatakuwa na kina gani utakapofika na mawimbi yatavunjikia wapi.

Mimi nasoma ualimu, na somo langu la kufundishia ni Jiografia. Haya mambo wote tulipitishwa sekondari: mvuto wa mwezi, maji kujaa, maji kupwa, chora mchoro, chukua alama zako. Tukaishia hapo. Nataka tuutoe ule mchoro kwenye daftari tuupeleke ufukweni, kwa ajili ya kila anayependa kucheza na mawimbi: mwenye ubao wa kuteleza, mwenye tyubu ya gari, na sisi wengine tunaopanda wimbi kwa kifua tu. Habari za vijana kuzama kwenye fukwe za jiji hili si ngeni masikioni mwetu, hasa baada ya sikukuu. Na huhitaji kwenda mbali ndipo maji yakushinde. Unaweza kubaki palepale uliposimama, yenyewe yakakufuata.

Maji yana ratiba

Kwenye pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Kutoka kujaa hadi kujaa tena ni kama saa 12 na dakika 25, ndiyo maana kila siku ratiba inachelewa kwa wastani wa dakika 50. Mwezi haufanyi kazi peke yake. Jua nalo linavuta, ila kwa nguvu inayokaribia nusu ya ile ya mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua, dunia na mwezi vinakaa karibu kwenye mstari mmoja, na nguvu mbili zinavuta pamoja. Siku hizo na moja au mbili zinazofuata ndiyo bamvua: maji yanajaa sana na yanapwa sana. Mwezi ukiwa nusu, nguvu hizo zinapunguzana, tunapata maji mafu. Kwa Dar, wakati wa bamvua tofauti kati ya maji kupwa na maji kujaa hufika mita 3 na zaidi. Wakati wa maji mafu inaweza kushuka hadi karibu mita 1.

Sasa kuna jambo ambalo kitabu cha shule hakikwambii, kwa sababu kila pwani ina lake. Hapa kwetu, siku za bamvua maji hujaa pomoni kati ya saa 10 na saa 11, alfajiri na jioni. Yanapwa kabisa kwenye saa 4 hadi saa 5, asubuhi na usiku. Maji mafu yanageuza saa hizo: yanajaa kwenye saa 4 au 5 asubuhi, na jioni yanakuwa yamepwa. Yaani bahari inajaa kupita kiasi jioni ileile ambayo jua limepoa na sisi ndiyo kwanza tunashuka kwenye daladala.

Angalia sikukuu uone. Idd el Fitr inafuata mwandamo wa mwezi, kwa hiyo kila mwaka, bila kukosa, inaangukia kwenye bamvua. Watu wanakula pilau mchana, wanaoga, wanavaa, wanafika Coco saa 9 na nusu, na maji yanamalizia kujaa mbele ya macho yao. Idd el Hajj iko tarehe 10 ya mwezi wa Kiislamu, siku mbili tatu tu baada ya mwezi kuwa nusu. Jioni yake maji yanapwa, tena taratibu. Idd mbili, ufukwe mmoja, bahari mbili tofauti. Krismasi haifuati mwezi, kwa hiyo hiyo ni lazima uangalie mwaka hadi mwaka.

Nikiwa mazoezi ya kufundisha kwenye shule moja upande wa Temeke, nilikuwa naeleza haya ubaoni. Kijana mmoja wa nyuma, mtoto wa mvuvi, akanyoosha mkono: "Madam, mwezi umeandama juzi, kwa hiyo leo maji yanajaa jioni, karibu na Magharibi." Hakuchora mchoro wowote. Nyumbani kwao ratiba hiyo ndiyo inayoamua chombo kitoke saa ngapi, na ameijua kabla hajajua neno mvutano.

Saa ya tatu na saa ya nne

Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Mabaharia wana kanuni ya kugawa kimo chote mafungu 12. Katika saa ya kwanza maji yanapanda fungu 1, ya pili mafungu 2, ya tatu mafungu 3, ya nne mafungu 3, ya tano mafungu 2, na ya sita fungu 1. Ni makadirio, lakini yanatosha.

Tuchukue bamvua la mita 3. Saa ya kwanza maji yanapanda sentimita 25. Saa ya pili 50. Saa ya tatu 75, saa ya nne 75 tena. Kwa hiyo mtu aliyeingia saa 7 mchana maji yakiwa kiunoni, akaendelea kucheza na wenzake bila kuangalia pwani, saa 9 mahali palepale pamempita kichwa. Wakati wa maji mafu ya mita 1, saa yenye kasi kuliko zote inaongeza sentimita 25 tu. Mchezo uleule, hatari tofauti kabisa.

Wimbi linavunjikia wapi

Wimbi la bahari kuu ni nguvu inayosafiri. Maji yenyewe hayaendi nalo mbali. Tazama dumu linaloelea: wimbi linapita chini yake, dumu linapanda, linashuka, linabaki karibu palepale. Mambo yanabadilika wimbi likifika kwenye kina kifupi. Sehemu ya chini inapunguza mwendo, ya juu inaendelea, wimbi linasimama wima, halafu linaanguka. Kwa kawaida linavunjika pale kina kinapokuwa kama mara 1.3 ya kimo chake. Wimbi la mita 1 linavunjika kwenye maji ya mita 1.3 hivi.

Hapo ndipo ratiba ya maji inapoingia. Sehemu kubwa ya pwani yetu ina miamba ya matumbawe mbele yake. Chukua mwamba ambao maji yakipwa unafunikwa na nusu mita tu. Wimbi la mita 1 haliwezi kupita, linavunjikia kule nje, na huku pwani unapata maji ya kutembelea. Maji yakijaa mita 3, mwamba uleule uko chini ya mita 3 na nusu. Wimbi linapita juu yake kama vile haupo, linakuja kuvunjika kwenye kina cha kifua chako. Mita moja ya ujazo ya maji ya bahari ina uzito wa zaidi ya tani moja. Na wimbi la mita 2 lina nishati mara nne ya wimbi la mita 1, siyo mara mbili.

Kwa mwenye ubao, hii ndiyo elimu yote. Maji yakipwa sana, wimbi linakuwa la ghafla na chini yake kuna mwamba na shokomzoba, ukidondoka unachanika. Maji yakijaa sana, wimbi linapita mwamba bila kuvunjika vizuri, halafu linakupigiza kwenye mchanga. Sehemu nyingi zenye mwamba wimbi zuri linapatikana katikati, maji yakiwa yamefika nusu na bado yanajaa. Pale Paje, Unguja, utaliona hili kwa macho: maji yakipwa akina mama wanatembea kwenda kwenye mashamba ya mwani, na mawimbi meupe unayaona mbali kwenye mwamba. Yakijaa, eneo lilelile linakuwa uwanja wa wanaovutwa na tiara kubwa juu ya ubao.

Kusi, kaskazi na visiwa

Mwezi unapanga kina, upepo unaleta mawimbi. Ukubwa wa wimbi unategemea upepo una kasi gani, umevuma muda gani, na umepita juu ya bahari umbali gani bila kizuizi. Kusi, kuanzia kama Aprili hadi Septemba, inatoka kusini mashariki ambako bahari iko wazi maelfu ya kilomita, ndiyo maana katikati ya mwaka bahari yetu huwa na hasira. Kaskazi, ya kuanzia mwisho wa mwaka hadi Machi, inatoka kaskazini mashariki. Katikati ya misimu hiyo bahari hupumzika. Kwa siku moja pia kuna zamu: asubuhi upepo mwepesi wa nchi kavu unayaacha mawimbi yakiwa safi, mchana upepo wa baharini unayavuruga.

Halafu kuna mahali penyewe. Coco inatazama bahari wazi. Ukizunguka rasi kuingia ghuba ya Msasani, maji ni ya upole. Fukwe za Mbezi na Kunduchi zinakingwa na visiwa kama Bongoyo na Mbudya pamoja na miamba yake. Kwa hiyo usiseme "mimi naijua bahari" kwa kuwa umezoea Kunduchi.

Mahali palipotulia

Maji yote yanayosukumwa na mawimbi kuja pwani lazima yarudi. Yanatafuta njia rahisi: uwazi kwenye mwamba, ambao wavuvi wanauita mlango, au mfereji kati ya matuta ya mchanga. Hapo yanatengeneza mkondo mwembamba unaokwenda nje, na maji yakiwa yanapwa mkondo unaongezeka nguvu. Mkondo mkali unaweza kufika mita 2 kwa sekunde. Muogeleaji wa kawaida hawezi kushindana nao.

Ubaya wake ni kwamba unapendeza. Kwa sababu pana kina, mawimbi hayavunjiki pale. Mgeni anaona mawimbi kushoto, mawimbi kulia, katikati shwari, anaingia katikati. Tafuta dalili: ukanda usio na povu jeupe, maji yenye rangi ya mchanga, takataka zinazoelekea nje. Ukinaswa, usipigane nao kurudi moja kwa moja. Elea, nyoosha mkono uonekane, halafu ogelea sambamba na ufukwe mpaka utoke kwenye ukanda huo, ndipo urudi kwa msaada wa mawimbi. Na rafiki yako akinaswa, usimfuate mikono mitupu. Mrushie kitu kinachoelea, tyubu au hata dumu lililofungwa, na piga kelele upate watu wenye chombo.

Maswali matatu

Kabla hujaingia, jiulize. Mwezi ukoje: mwembamba sana, nusu, au mpevu? Maji yanajaa au yanapwa? Kama huna ratiba, weka kijiti mchangani pale wimbi la mwisho linapoishia, rudi baada ya dakika 15. Mawimbi yanavunjikia wapi, na wapi hayavunjiki? Ongeza na taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wakitoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi makubwa ya kuzidi mita 2, siku hiyo kula mihogo, piga picha, rudi hosteli.

Kwa sisi tunaokwenda kuwa walimu, nina ombi moja. Ukipangiwa shule ya pwani, ukafika mada hii, usiufute ubao kabla darasa halijajibu swali moja la ziada ambalo mtihani hauulizi: leo, hapa kwetu, maji yanajaa saa ngapi?