DAWA INAYOSAHIHISHA AMRI NDANI YA MWILI

Kila askari anafahamu kwamba kikosi hakitendi ila kwa amri. Amri huandikwa makao makuu, karani hutoa nakala yake, tarishi huipeleka kambini, na huko hutekelezwa. Ikiwa nakala imekosewa, au aya moja imeachwa, kikosi kizima kitatenda isivyo, hata kama askari wake ni hodari na watiifu.

Mwili wa mwanadamu nao huendeshwa kwa utaratibu unaofanana sana na huo. Wataalamu wamekwisha kupata dawa ambazo hazingoji ugonjwa ufike kambini ndipo zipigane nao, bali huikamata amri ikiwa ingali njiani. Dawa hizo huitwa oligonukleotidi za antisensi. Katika makala haya tumekusudia kuzieleza, kwa kuwa zimewapa uhai watoto ambao zamani hawakuwa na tumaini.

TARISHI WA MWILI

Karibu kila chembe hai ya mwili ina kiini, na hicho ndicho makao makuu yake. Humo huhifadhiwa DNA, yaani jalada kuu la amri zote. Kila amri katika jalada hilo huitwa jeni. Jalada lenyewe halitoki nje ya kiini. Amri inapohitajiwa hunakiliwa katika RNA, ambayo ndiyo tarishi aipelekaye mahali panapotengenezwa protini. Na protini ndizo askari wa mwili: ndizo zijengazo misuli, zibebazo hewa katika damu, na kutenda kazi nyingine zisizohesabika.

Ujumbe wa RNA huandikwa kwa herufi nne tu: A, U, G na C. Herufi hizo zina wenzi wasiobadilika: A hushikamana na U, na G hushikamana na C. Kwa hiyo mtaalamu aujuaye ujumbe fulani aweza kuunda kipande kifupi, cha herufi zipatazo 20, kilichopangwa ili kila herufi yake ikutane na mwenziwe. Kipande hicho kikiingia katika chembe hai huutafuta ujumbe huo mmoja miongoni mwa maelfu na kuugandamia. Pengine ujumbe hukatwa, amri mbaya isifike. Pengine sehemu yake moja hufunikwa tu, ujumbe ukasomwa kwa namna nyingine.

Mwaka 1978, Paul Zamecnik na Mary Stephenson wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walitumia kipande cha herufi 13 kuzuia kirusi cha kuku kisizaane. Ilipita miaka 20 kabla ya dawa ya kwanza ya namna hii, fomivirsen, kuidhinishwa nchini humo mwaka 1998. Ilidungwa ndani ya jicho ili kuwakinga wagonjwa wa UKIMWI na upofu uletwao na kirusi cha sitomegalo. Haikudumu sana sokoni, maana dawa za kupunguza makali ya UKIMWI ziliwarudishia wagonjwa kinga ya mwili, na upofu huo ukapungua.

AYA YA SABA

Ushindi mkubwa zaidi ulipatikana katika ugonjwa uitwao SMA, ambao huua mishipa ya fahamu ya mgongo iamrishayo misuli. Mtoto hutazama kwa macho maangavu na kutabasamu, lakini viungo vyake vimelegea. Hawezi kuinua kichwa wala kuketi, na mwishowe misuli ya kupumulia huchoka. Wengi wa watoto wenye aina kali ya ugonjwa huo, wasiposaidiwa kwa mashine ya kupumulia, hawakutimiza miaka miwili. Mwaka 1995 wataalamu wa Ufaransa, wakiongozwa na Judith Melki, walitambua kwamba watoto hao wana upungufu wa jeni iitwayo SMN1.

Hata hivyo maumbile yameweka akiba. Ipo jeni ya pili, SMN2, iliyo karibu sawa na ile ya kwanza. Kasoro yake ni kwamba ujumbe wake unapotayarishwa, sehemu ya saba huachwa mara nyingi, na protini ikatoka pungufu. Ni mfano wa karani mwenye nakala ya akiba, ambaye huiruka aya ya saba kwa sababu kando yake pana alama imwambiayo airuke.

Adrian Krainer wa maabara ya Cold Spring Harbor, New York, pamoja na Frank Bennett wa kampuni ambayo leo huitwa Ionis, na wenzao, walitayarisha kipande cha herufi 18 kinachoifunika alama hiyo. Alama ikifunikwa, aya ya saba husomwa, na protini kamili hupatikana. Dawa hiyo ni nusinersen, iliyoidhinishwa Marekani mwezi Desemba 2016. Katika jaribio la watoto wachanga wenye aina kali, zaidi ya nusu ya waliopewa dawa walipata nguvu mpya za viungo, na wachache wao wakaweza kuketi. Katika wale wasiopewa, hakuna hata mmoja aliyepiga hatua hiyo.

MIPAKA YA DAWA

Tusidhani kwamba vita vimekwisha. Dawa hii haiibadili jeni yenyewe, kwa hiyo hudungwa tena na tena, kila miezi minne baada ya dozi za kwanza. Nayo hudungwa mgongoni, katika majimaji yanayozunguka mishipa ya fahamu, kwani kwa njia ya damu haiwezi kufika huko. Mishipa iliyokwisha kufa haifufuki. Katika jaribio jingine, watoto 25 walianza kutibiwa kabla dalili hazijaonekana. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba wote walikuwa hai na wameweza kuketi, na wengi wao walitembea.

Kizuizi kikubwa ni bei. Ilipotolewa, dawa ya mwaka wa kwanza kwa mtoto mmoja ilitozwa dola 750,000 nchini Marekani. Elimu imekwisha kuivuka mito na milima, lakini dawa yenyewe ingali nyuma, na watoto wengi ulimwenguni hawaipati.

Hata hivyo elimu peke yake ina faida ambayo hailipiwi. SMA hurithiwa kutoka kwa baba na mama, ambao aghalabu wote ni wazima kabisa na hawajui kwamba wamebeba kasoro hiyo. Katika kila mimba yao, mtoto ana nafasi moja katika nne ya kuupata. Basi askari arudiye nyumbani kutoka zamu akamkuta mwanawe amelegea, hawezi kuinua kichwa kama wenzake, asimlaumu mkewe, wala asimtafute jirani wa kumshuku uchawi. Ampeleke mtoto hospitali siku hiyo hiyo, kwa maana katika ugonjwa huu kila juma lipitalo huondoka na nguvu zisizorudi.