Divai ya Kaharabu si Divai ya Machungwa

Maswali ya wafasiri yahusuyo vileo huonekana mepesi, na wako wasemao hayastahili nafasi katika jarida kama hili. Sisi hatuoni hivyo. Katika mpango wa kimataifa wa kuainisha bidhaa za forodha, divai ya zabibu mbichi imo katika kifungu 22.04; vileo vilivyochachushwa kwa matunda mengine au asali vimo katika 22.06, na vilivyokenekwa vimo katika 22.08. Neno moja likikosewa katika hati, mzigo wahamia kifungu kingine, na ushuru wake waweza kubadilika.

Chanzo cha kwanza cha mkanganyo ni neno mvinyo, tulilolipata kwa Wareno. Wazee wengi walitamkapo hukusudia kileo kikali cha namna yoyote, hali hati nyingi za siku hizi hulitumia kwa kileo cha zabibu peke yake. Kwa hati za serikali na za biashara twapendekeza divai kwa kile cha zabibu, na pombe kali kwa kilichokenekwa. Mvinyo na libaki katika mazungumzo na fasihi, ambako halimdhuru mtu.

Chanzo cha pili ni kufasiri majina neno kwa neno. Katika nchi ya Georgia, kwenye milima ya Kaukazi, iko divai inayostahili kujulikana zaidi. Hutengenezwa katika mitungi mikubwa ya udongo yenye umbo la yai, iliyofukiwa ardhini hadi shingoni. Zabibu nyeupe hukamuliwa, lakini maji yake hayatengwi na maganda; katika jimbo la Kakheti huachwa pamoja kwa miezi kadhaa, na humo divai hupata rangi nzito na ukakasi. Kazi hii ni ya kale mno: mabaki ya divai yaliyotangazwa mwaka 2017 yalitoka katika vyungu vya nchi hiyo vya miaka ipatayo 8,000, na mwaka 2013 UNESCO iliitia katika orodha ya urithi wa utamaduni. Wafanyabiashara wa Kiingereza huiita kwa rangi ya chungwa, na hapo ndipo mfasiri wetu huandika “divai ya machungwa”. Msomaji ataelewa nini ila kwamba machungwa yamekamuliwa? Naye karani wa forodha ataipeleka 22.06. Wenyeji wenyewe huiita kwa rangi ya kaharabu, na neno hilo tunalo: divai ya kaharabu. (Asije mtu akaandika ambari. Ambari hutoka kwa nyangumi.)

Jina la Vinho Verde, kaskazini-magharibi ya Ureno, nalo lina mtego wake. Ukiiita “divai ya kijani” utamshangaza mnunuzi, kwani iko nyeupe, nyekundu na ya waridi. Ujani unaotajwa hapo hauhusu rangi ya kinywaji. Hili ni jina la asili linalolindwa kisheria, basi libaki lilivyo, na maelezo yafuate: divai changa, yenye uchachu. Vivyo hivyo vin jaune ya Jura, Ufaransa, ambayo hukaa zaidi ya miaka sita katika pipa lisilojazwa, chini ya utando wa hamira. “Divai ya manjano” itamfanya mpishi wa pwani afikirie bizari.

Kuhusu ladha, “divai kavu” hatuipendi. Aambiwaye chai kavu huelewa chai isiyo na kitafunio. Tuseme divai isiyo tamu. Kwa ladha ikamatayo ulimi hakuna haja ya kukopa neno, maana kila aliyeuma bibo bichi aujua ukakasi.

Divai ya Tokaji, Hungaria, tumeiona ikielezwa kuwa imetokana na “uozo mtukufu”. Zabibu zake huota ukungu unaozikausha na kuzidisha sukari yake. Kuandika zabibu zilizokaushwa na ukungu kwatosha.

Kwa Dodoma, ambako mizabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, kanuni ni hiyo hiyo: Makutupora ikiwa jina la aina ya zabibu huandikwa baada ya rangi, yaani divai nyekundu ya Makutupora.